Nilivunja kaunta ya hoteli ya zamani kwa mikono yangu, juzi nikarudi kama mteja

#1 Randa Kavu (mleta mada)

Wakuu, mwangaluka.

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu ipo Kirumba. Uzi huu nimeuweka kiporo kama miezi mitatu hivi, maana ndani yake kuna mahali najisema mwenyewe.

Kuna hoteli moja ya zamani hapa Mwanza, kando ya ziwa. Jina nalihifadhi, na mtakaoitambua naomba mlihifadhi pia, sijaja kuharibia mtu biashara. Ni ya miaka ya mwanzo ya Uhuru: ghorofa mbili, veranda ndefu upande wa maji, madirisha ya mbao yenye vibao vya kupitishia upepo, sakafu ya teraso. Enzi zake mtu akikwambia "amefikia hotelini" huulizi ipi. Mara ya kwanza kuingia mle nilikuwa kijana, nimepeleka viti sita nilivyovisuka upya. Mhudumu akanikalisha verandani, akaniletea soda na glasi juu ya kisahani chenye kitambaa cheupe. Soda nimeshaisahau ilikuwa ipi. Kile kitambaa sijakisahau.

Miaka ikaenda, hoteli ikachoka. Nisiwadanganye, ilichoka kweli. Mabomba ya chuma yameoza, maji ya asubuhi yanatoka rangi ya chai, vyoo vya juu vinavuja hadi dari ya chini imeota ramani. Ikapata mwenyewe mpya, akaja mkandarasi, na mkandarasi akanipa mimi kazi ya kung'oa mbao zote: milango ya veranda, fremu za madirisha, makabati ya vyumbani, na kaunta ya baa.

Hiyo kaunta ndiyo iliyoniletea maneno. Mvule mtupu. Ubao wa juu ni mmoja, haukuungwa popote, mita tano na sentimita arobaini, unene inchi mbili na nusu. Mafundi wenzangu mnajua, ubao kama ule leo huupati hata ukiwa na hela mkononi. Nilipopiga magoti kutafuta uliposhikiliwa nikakuta skrubu za shaba, na mifereji ya vichwa vyote imelala upande mmoja, sambamba na ubao. Chini kule, asikotazama mtu. Nilikaa kitako nikavuta sigara nzima.

Halafu nikaona kingine. Ukingo wa kaunta ulikuwa umelika, lakini haukulika sawasawa. Kona ya kushoto imebonyea kama tumbo la kijiko, pengine kote ukingo uko kama siku ulipopigwa randa. Nikavuta stuli, nikaweka kiwiko kwenye lile bonde, nikainua macho. Mbele yangu mlango wa veranda, na nje ya mlango ziwa lote. Watu walikuwa wakigombea kona ile miaka yote kwa sababu ndipo ulipoweza kunywa huku ukiziona karabai za wavuvi wa dagaa usiku wa giza.

Nikaivunja. Kazi ni kazi. Malipo yenyewe nilipewa nusu hela, nusu mbao, na hela ya mwisho mpaka leo naahidiwa.

Juzi nimekwenda kama mteja, nimevaa shati la kuchomekea. Hoteli inang'aa. Maji ya moto yapo, vyoo havivuji, vijana wa mapokezi wana adabu. Baa imehamia ndani, inatazama televisheni tatu. Ile veranda imezibwa vioo vyeusi, sasa ni ukumbi wa semina. Nilikaa saa nzima kando ya ziwa la pili duniani kwa ukubwa wa maji baridi na sikuliona hata kidogo. Ningeweza kuwa Dodoma.

Nimerudi nyumbani nikaanza kusoma jinsi wenzetu wanavyofanya na hoteli zao kongwe. Nikakutana na Hotel Okura ya Tokyo. Ilifunguliwa 1962, ukumbi wake wa mapokezi ulikuwa maarufu: taa zinaning'inia kama shanga kubwa, na meza za duara zilizozungukwa na viti vitano, ukizitazama kutoka juu unaona ua la mplamu. Mwaka 2015 wakabomoa jengo kuu, watu dunia nzima wakalia. Lakini ilipofunguliwa upya 2019, ukumbi ule ulikuwa umetengenezwa tena ndani ya ghorofa jipya, na msanifu aliyepewa kazi ni mtoto wa yule aliyeuchora wa kwanza. Taa zilezile, meza zilezile, mpaka utulivu wa mwanga walijaribu kuurudisha.

Sasa swali langu, wakuu. Hoteli ikikarabatiwa, ni kitu gani hasa ukikiondoa inakuwa si yenyewe tena? Maana rangi ilibadilishwa mara kumi kabla yangu na hakuna aliyelalamika.

#2 Sato wa Kukaanga

Nimekaa mkao wa kula. Ila chai ni shilingi ngapi pale sasa hivi?

#3 Randa Kavu

Elfu sita.

#4 Sato wa Kukaanga

Elfu sita chai! Basi ufahari haujaondoka, umehamia kwenye risiti.

#5 Baharia Mstaafu

Mleta mada umenikumbusha mbali. Mimi nimezunguka na meli za watu miaka mingi, na kuna hoteli moja niliingia mara mbili, kabla na baada. Raffles ya Singapore. Kabla ilikuwa bibi kizee: imefunguliwa 1887, mbao zinalia ukikanyaga, feni zinazunguka kama zinafikiri kwanza. Mwaka 1989 wakaifunga, 1991 wakaifungua, wamesema wameirudisha ilivyokuwa 1915. Hapo ndipo nilipocheka. Unachagua mwaka mmoja katika umri wa hoteli unasema huu ndio yeye? Ni kama kumvalisha mzee suti ya harusi yake ukamwambia leo ndiyo umependeza.

Ile baa yao ndefu, ambako kilibuniwa kile kinywaji chekundu cha Singapore Sling, ikahamishwa sehemu nyingine ya jengo. Lakini kuna jambo moja walilibakiza: unakula karanga, maganda unatupa chini. Nchi ile ukitupa karatasi barabarani unatozwa faini, halafu ndani ya hoteli ya kifahari unatupa maganda sakafuni na mhudumu anatabasamu! Watu wanapanga foleni kwa hilo tu. Mwaka 2017 wakakarabati tena, 2019 wakafungua, karanga bado zipo.

Lakini hapo unaposema ziwa umenigusa. Raffles iko mtaa unaoitwa Beach Road, yaani Barabara ya Ufukweni. Ilijengwa inatazama bahari. Wakafukia bahari kwa udongo, mji ukasogea mbele, leo ukitoka mlangoni unaona magari na maghorofa. Hiyo haikuwa kosa la fundi yeyote wa hoteli. Hoteli imekaa palepale, bahari ndiyo iliyohama.

#6 Ng'wana Kisesa

Shikamoo wazee. Naomba niseme bila kupigwa.

Nyie mnalilia hoteli ambazo wengi wenu hamkuwa mnaruhusiwa kulala. Hata mleta mada amesema mwenyewe, aliingia kupeleka viti. Mimi nataka soketi karibu na kitanda, intaneti isiyokatika na bafu ambalo sihitaji kuita mtu anielekeze bomba lipi ni la moto. Vibao vya kupitishia upepo vinapitisha na mbu. Mtu akiweka vioo na kiyoyozi nampigia makofi.

#7 Randa Kavu

Marahaba mjukuu. Hujapigwa. Soketi hata mimi nazitaka. Ila nikuulize, ukienda kulala kando ya ziwa ukalipa pesa ya kando ya ziwa, halafu pazia halifunguki, si umelipia nini sasa?

#8 Ng'wana Kisesa

Nimelipia kiyoyozi babu 😂

#9 Mpima Gharama

Mkuu Randa, mimi ndiye yule mtu unayemlaumu bila kumtaja. Sikuwa kwenye mradi wako, lakini ndiyo kazi yangu, nakadiria gharama za majengo. Ngoja niwape upande wa pili, maana huku watu hudhani kuna kikao kinakaa kuua hoteli. Hakuna kikao. Kila uamuzi ukiutazama peke yake ni wa busara.

Anza na kiyoyozi. Hoteli ya zamani ilijengwa ipoe kwa hewa: dari ndefu, madirisha mawili yanayotazamana, veranda ya kuzuia jua lisipige ukuta. Mchana upepo unatoka ziwani unaingia ndani, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Jengo lilikuwa linapumua. Mteja wa leo anataka nyuzi ishirini na mbili saa zote. Ukishasema hivyo, ufa wowote ni hasara ya umeme, kwa hiyo vibao vinang'olewa, aluminiamu inaingia. Mabomba ya hewa yanahitaji nafasi juu, kwa hiyo dari inashushwa kwa jipsamu. Ukishusha dari, lile dirisha refu linakatwa kichwa. Halafu veranda sasa haina kazi, maana imejengwa kupoza chumba ambacho tayari kinapozwa na mashine. Inageuka mita za mraba zinazolala bure.

Na nani analala hoteli za Mwanza Jumatatu hadi Ijumaa? Watu wa semina. Semina inataka ukumbi, projekta na chai ya saa nne. Mwenye hoteli akiangalia veranda anaona viti themanini vya semina. Mimi ningeangalia ningeona hivyohivyo.

Kuna moto pia. Ngazi kubwa ya wazi katikati ya jengo, ile inayopendeza kupigia picha za harusi, moto ukiwaka inakuwa bomba la moshi. Lazima uweke milango ya kuzuia. Hilo halina mjadala na msinipinge.

Halafu kuna bafu. Zamani hata hoteli kubwa ilikuwa na vyumba vidogo. Siku hizi bafu peke yake ni kubwa kuliko chumba cha kale, ndiyo maana wanavunja ukuta kati ya vyumba viwili kupata kimoja. Plaza ya New York ilikuwa na vyumba zaidi ya 800. Ilifungwa 2005, ilipofunguliwa 2008 vyumba vya hoteli vilikuwa 282, sehemu kubwa iliyobaki wameuza kama makazi. Waldorf Astoria, mji huohuo, imefungwa 2017, imefunguliwa 2025, kutoka vyumba zaidi ya 1,400 hadi 375, na iliyobaki ni makazi ya kuuza. Hizo ni hoteli mbili ambazo sura zao za nje zinalindwa kisheria. Ukipita barabarani unaona kitu kilekile. Ndani hesabu imebadilika kabisa.

Sasa jibu la swali lako kwa lugha ya kazini kwangu. Kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi za ujenzi na bei zake, kuna mstari wa milango, mstari wa vigae, mstari wa rangi, mstari wa kubomoa na kubeba kifusi. Kaunta yako iliingia kwenye huo wa mwisho. Hakuna mstari unaosema "kona ya kushoto, mahali pa kuonea karabai". Mimi sikuwahi kuulizwa bei yake, na kama ningeulizwa nisingejua kuanzia wapi.

#10 Mzizima

Huku Dar tumeshayapitia. New Africa ya zamani ilikuwa Kaiserhof ya Wajerumani. Ile ya zamani ilivunjwa, ghorofa la sasa limebaki na jina na kiwanja. Kilimanjaro ilifunguliwa 1965, ikaja ikafungwa, 2005 ikafunguliwa tena chini ya Kempinski, leo kibao kinasema Hyatt Regency. Mwambie dereva teksi wa makamo akupeleke Hyatt, atakuuliza, "Kilimanjaro?" Huyo dereva hajawahi kuingia ndani na jina hilo hawamng'oi.

#11 Mama Igoma

Nimesoma kimya kimya toka jana, sasa nachangia.

Mimi nimefanya kazi ya usafi wa vyumba miaka kumi na tisa, na hoteli anayoisema fundi naijua, ila sisemi kama ndipo nilipokuwa au jirani. Fundi, hiyo teraso unayoisifu, unajua ilikuwa inang'aa kwa nini? Saa kumi usiku tulikuwa wanawake wanne tumepiga magoti, mmoja anapaka nta, watatu tunasugua kwa vipande vya blanketi, kuanzia mapokezi hadi mlango wa veranda. Wageni wakiamka wanasema, loo, sakafu hii! Uzuri wenu ulikuwa magoti yangu. Walipoweka vigae nilishukuru Mungu. Unapitisha dekio, unakwenda kunywa chai.

Kwa hiyo kwenye sakafu simo kwenye kilio chenu.

Lakini kuna jambo hawakutuuliza sisi tuliokuwa ndani, na wangetuuliza tungewaambia bure. Wadudu wa ziwani. Mnawajua, wale wanaofuka majini kama moshi, wingu zima linatembea. Hawang'ati, lakini wanafuata mwanga. Zamani upande wa ziwa taa zilikuwa za njano, ndogo, zimefunikwa, na meneja wa zamani alikuwa mkali: ikifika saa moja usiku, taa za veranda nusu zinazimwa. Wageni walidhani ni mapenzi, kumbe wadudu. Ule mwanga hafifu mnaouita wa kifahari ulikuwa dawa ya wadudu.

Baada ya ukarabati wakaweka taa nyeupe kali ukuta mzima upande wa ziwa, ili jengo lionekane kutoka majini. Likaonekana, na wadudu wakaliona. Wiki ya kwanza asubuhi tulizoa ndoo tatu, na nne nyingine zimeganda kwenye vioo. Ukiwapangusa kwa maji wanakuwa tope la kijani, harufu ya samaki mbichi. Mgeni mmoja akafungua mlango aone mandhari, chumba kikajaa, akahamishwa usiku ule. Siku hizi kuna tangazo chumbani: usifungue dirisha la ziwani baada ya saa kumi na mbili jioni. Na pazia nyeusi.

Kwa hiyo fundi, hawakuficha ziwa kwa makusudi. Waliweka taa, taa ikaleta wadudu, wadudu wakaleta pazia.

#12 Randa Kavu

Mama Igoma, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, ya pili nimemsomea mke wangu. Hilo la magoti nimelipokea, sikulifikiria. Mimi niliona ubao umelika, sikuwaza kuna mtu kila siku alikuwa anaupangusa.

Na hilo la taa limenifungua macho. Nilikuwa natafuta mchawi.

#13 Sato wa Kukaanga

Mama Igoma apewe mshahara wa mshauri wa mradi.

#14 Mbeba Boksi

Nasalimu kutoka London, baridi imetushika. Nimeona Mpima Gharama ametaja New York, mimi niongeze ya huku.

Savoy, iko kando ya mto Thames, imefunguliwa 1889. Desemba 2007 waliifunga, wakasema ukarabati ni miezi kumi na sita na pauni milioni 100. Ikafunguliwa Oktoba 2010, na gharama ilitajwa kufika pauni milioni 220. Kila ukuta waliofungua walikuta balaa lingine. Kwa hiyo msidhani ni Bongo tu ndiko mkandarasi anasema "mwezi ujao".

Kabla ya kuanza waliuza vitu vya ndani kwa mnada, kama 3,000, mpaka vitanda. Watu walinunua. Ritz ya Paris nayo ilifungwa 2012 hadi 2016, na 2018 samani zake za zamani zikapigwa mnada, vitu maelfu. Mnaona kichekesho? Hoteli inasema tumehifadhi utu wetu wa kale, huku viti vyenyewe viko sebuleni kwa watu. Fundi Randa na mbao zako karakanani, wewe ni mnunuzi wa mnada kama wao, ila wewe ulilipwa kubeba.

Lakini Savoy kuna kitu hawakukigusa. Yule mchoraji Monet alifikia pale kuanzia 1899 na kuuchora mto kutoka dirishani, madaraja na moshi wa mji. Vyumba vya upande wa mto mpaka leo vinatazama mto. Mimi nilipita nje tu, kuingia si saizi yangu, lakini ukisimama ng'ambo unaona madirisha yote yamekodoa macho majini. Vitanda wameuza, dirisha wameliacha.

#15 Mpima Gharama

Mbeba Boksi umetaja kitu. Dirisha la mtoni kule lina bei: chumba cha upande wa mto na cha upande wa mtaani havitozwi sawa. Kikiwa na bei kina mstari. Nadhani hapa kwetu tunalala hapo. Hoteli nyingi za ziwani chumba cha mbele na cha nyuma bei moja, au tofauti ya kuombea msamaha.

#16 Nahodha wa Kamanga

Mmeongea majengo tu, mimi nawaletea chuma. MV Victoria tumepanda kwenda Bukoba tangu tukiwa wadogo, meli ya 1961. Ikasimama 2014, ikakarabatiwa, ikarudi majini 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Injini mpya, vyumba vipya, mwendo mpya. Watu wa Bukoba wanaiitaje? Victoria. Kwa nini hawajalalamika kama fundi? Kwa sababu inaondoka Mwanza usiku inakufikisha Bukoba asubuhi, na ukitoka sitahani upepo ni uleule. Waliibadilisha kila kitu isipokuwa safari.

#17 Baharia Mstaafu

Nahodha, hapo umepiga msumari. Meli ukiifunga vioo isitazame maji itagonga jiwe. Hoteli haigongi, ndiyo shida yake.

#18 Mjumbe wa Baraza

Nimeona hakuna aliyegusa sheria. Mkitegemea Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iwalindie hoteli, mtangoja sana. Jengo linalolindwa moja kwa moja ni la kabla ya 1863. La baada ya hapo mpaka waziri alitangaze. Hoteli ya miaka ya sitini mbele ya sheria hiyo ni mtoto mchanga.

Ila kuna sheria nyingine inayowasaidia bila kukusudia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hoteli nyingi kongwe ziko ndani ya hizo mita kwa sababu zilitangulia. Ukibomoa lote ujenge upya, unarudishwa nyuma. Kwa hiyo mwenye akili anakarabati habomoi, ili abaki na nafasi ya mbele. Na maji nayo yana maoni yao: Mei 2020 ziwa lilipanda likapita rekodi ya 1964, watu wa ufukweni walikuwa wanaingia majumbani mwao kwa mtumbwi.

Sasa hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Mtu anapigania kubaki hatua ishirini kutoka majini, akishafanikiwa anaweka kioo cheusi.

#19 Dalali Pasiansi

Nina kiwanja kinatazama ziwa, hati safi, maji hayafiki. Njoo inbox.

#20 Sato wa Kukaanga

Dalali hakosi msibani.

#21 Ng'wana Kisesa

Nimerudi. Jana jioni baada ya kusoma uzi huu nilipita pale (nadhani ndipo). Nikamwomba kijana wa mapokezi nione ukumbi wa semina, nikamwambia tuna kikao cha harusi. Vile vioo vyeusi vinafunguka, fundi. Vinateleza. Vimefungwa kufuli ndogo tu, na reli imejaa wale wadudu waliokauka. Kijana alinifungulia kimoja. Upepo uliingia mpaka karatasi za semina zikaruka, tukazikimbiza wote wawili.

Sijabadilisha msimamo kuhusu soketi.

#22 Randa Kavu

Vinateleza! Mimi nilikaa saa nzima sikujaribu hata kugusa. Asante mjukuu.

#23 Mama Luchelele

Fundi habari. Mimi siyajui ya Tokyo wala London. Nafungua mgahawa wa samaki Luchelele, banda limeshaezekwa, sato na sangara vya kuchagua mwenyewe. Huo ubao wa mvule unao bado au ulishapasua vitanda? Kama upo, unauza?

#24 Randa Kavu

Upo mama. Umeegemea ukuta wa karakana, nimeufunika turubai. Wateja watatu wamekuja wanataka niukate vipande vya milango, nikawaambia una nyufa. Hauna nyufa. Banda lako lina nafasi ya mita tano na nusu bila nguzo katikati?

#25 Mama Luchelele

Lina sita. Kaunta nimepanga iwe mlangoni, wateja wakae wanatazama barabara, waone bodaboda zao.

#26 Randa Kavu

Na ziwa liko wapi?

#27 Mama Luchelele

Nyuma, upande wa jiko. Moshi unatokea huko.

#28 Randa Kavu

Mama, usimwage zege la jiko kwanza. Jumamosi nakuja na kipimo na kijana mmoja, tuangalie kama jiko linaweza kuhamia upande wa barabara. Bodaboda zitafute namna. Taa za upande wa maji usinunue mpaka uongee na Mama Igoma. Bei ya ubao tutaelewana, ila ile kona iliyolika sitaipiga randa.

#29 Sato wa Kukaanga

Mrejesho muhimu. Na chai iwe elfu moja.